Kalamu Zilizoombewa

Muuza duka wa hapa Shirere ameshanizoea. Nikitaka biro moja hunimwagia pakiti nzima juu ya kaunta, kisha anaendelea kuhudumia wengine, kwa sababu anajua nitazijaribu moja moja kwenye kipande cha boksi, na kwamba kabla ya kuzijaribu nitafuta mikono yangu kwenye sketi. Wapangaji wenzangu, ambao wengi ni wanafunzi, hunicheka. Mwalimu mzima, wanasema, anakagua biro kama anayenunua ng'ombe. Wacha wacheke. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi biro iliniuma nikiwa na miaka kumi na minane.

Sitaki kuzisingizia. Biro za bei rahisi zimenitoa mbali. Zinauzwa kwenye kila kibanda, hata kile kinachouza dagaa wa omena na mafuta taa tu. Ile ya plastiki nyeupe unaona wino umefika wapi, kwa hiyo haikuvizii. Asubuhi ya baridi ikigoma unaisugua kati ya viganja, au unaiweka kwapani wakati wa gwaride, na kipindi cha kwanza kikifika inaandika. Ukiipoteza hulii. Kifuniko chake nimekwaruzia masikio maisha yangu yote na bado ninasikia. Upande wa pili, inavuja mfukoni siku uliyovaa shati jeupe, ikianguka kwa ncha imekufa, na ukimwazima mtu umemzawadia. Lakini hayo ni madogo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ikikataa haikuambii kwa nini. Wino unauona umejaa, ncha ni nzima, na bado haitoi kitu, na wewe unabaki kujiuliza umeikosea nini.

Mimi nilijiuliza hivyo katikati ya mtihani wa kidato cha nne.

Nilisoma shule ya kutwa karibu na Butali, mahali ambapo trela za miwa zikipita mwalimu ananyamaza kwanza, maana hatasikika. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Alikuwa mkulima wa miwa, mmoja wa wale wanaongoja kiwanda kiamue ni lini kitatuma watu wa kukata. Hesabu ilikuwa imenishinda tangu kidato cha pili na fizikia niliiaga mapema, lakini Kiswahili nilikiweza. Mwalimu wangu aliniambia wazi kwamba nikipata alama nzuri ya Kiswahili nitaingia chuo cha ualimu, na nikikosa, hakuna somo lingine litakalonibeba. Nililala na maneno hayo na kuamka nayo. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya insha: insha mbili, saa moja na dakika arobaini na tano, na hakuna mahali pa kubahatisha.

Kwetu mtahiniwa haingii kwenye mtihani na kalamu tupu. Kabla ya mitihani shule huwa na siku ya maombi. Wazazi wanakuja wamevaa nguo za kanisani, mchungaji anahubiri mpaka jua linakuwa kali, na wakati ukifika anatuambia tuinue silaha zetu. Silaha ni biro. Tunaziinua kwa mikono miwili, za bluu na za nyeusi, wengine wameshika kumi kwa sababu wameletewa na shangazi zao, na yeye anapita kwenye mistari akizinyunyizia mafuta ya upako. Kuanzia hapo kalamu hizo huandikii kitu kingine. Humwazimi mtu, wala huzijaribu hata kwa kuandika jina lako. Unazifunga kwenye nailoni mpaka siku yenyewe. Nilikuwa na tatu, na niliziinua juu kabisa, kwa sababu nilikuwa na siri iliyonifanya niogope kwamba Mungu hataziona.

Siri yenyewe ni hii. Jumamosi kabla ya maombi tulitakiwa kufunga. Mama alifunga siku tatu, kavu, hata maji hakugusa mpaka jioni. Mimi nilifunga mpaka saa sita mchana, kisha nikaingia shambani kama ninayekwenda kuangalia mpaka, nikavunja muwa na kuutafuna nimechutama. Nikavunja wa pili. Makapi niliyafukia kwa mguu. Nilirudi nyumbani nimefuta mdomo, na mama akanishika bega akaniambia nijikaze, jioni si mbali.

Kwa hiyo hofu yangu haikuwa ya mtihani peke yake. Nilijua kuna aliyeniona.

Mama naye hakuridhika na kunyunyiziwa. Alikuwa na chupa yake ndogo ya mafuta ya upako, aliyopewa kanisani miaka ya nyuma, na kila ilipokaribia kuisha aliiongezea mafuta ya salad ya kupikia, kwa sababu mchungaji aliwahi kusema tone moja lililobarikiwa linabariki chupa nzima. Nadhani kufikia wakati huo chupa ilikuwa salad tupu, lakini ningekuwa nani wa kusema. Asubuhi ya insha, nikiwa tayari nimevaa sare, alitoka nayo.

"Leta mikono," alisema.

"Mama, nitachelewa."

"Shetani anapitianga kwa vidole. Leta mikono."

Akanipaka viganja, mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Kisha akafungua ile nailoni, akazitoa biro zangu tatu, akazipaka moja moja kuanzia kitako mpaka ncha, na akazirudisha. Nilipofika kwenye geti la miti akaniita tena, akanipaka mara ya pili, kwa sababu alikuwa amesahau kuombea mkono wa kushoto. Nilitembea njia nzima nimeitanua mikono isiguse sare.

Siku hizi mtihani unalindwa sana. Nje ya dirisha alikuwepo askari mwenye bunduki, na nilikuwa nimekaa mahali ambapo nikigeuza shingo kidogo tu ninaona bunduki yenyewe. Msimamizi alikuwa mwanamke mgeni. Tuliambiwa ametoka Likuyani. Alitusomea masharti kwa sauti isiyo na utani: ukizungumza, ukigeuka, ukipokea kitu kutoka kwa mwenzako, huo ni udanganyifu, na udanganyifu wa mtu mmoja unaweza kufuta matokeo ya shule nzima. Nilimwamini. Nilimwamini kiasi kwamba hata kukohoa nilikohoa kwa kuomba msamaha.

Niliandika jina na nambari yangu. Swali la kwanza lilikuwa la hotuba, na hotuba nilizipenda. Mistari minne ya kwanza ilitoka vizuri. Katika mstari wa tano biro iliruka herufi mbili. Nikazirudia. Ikaruka neno zima, ikaacha alama tu, mfereji mtupu ambao ungeweza kuuhisi kwa kidole lakini hukuuona. Nikaisugua. Nikaipulizia. Nikachora duara pembeni, duara likatoka nusu. Nikakandamiza, na karatasi ikatoboka.

Nikachukua ya pili. Ikaandika maneno matatu na kukataa. Ya tatu haikuandika hata moja.

Nataka nieleze hofu hiyo ilivyokuwa, maana watu wakisikia biro wanadhani ni mzaha. Masikio yangu yaliziba. Nilisikia kalamu za wenzangu zote, chumba kizima, zikikwaruza karatasi kwa mbio, na kwangu palikuwa kimya. Nilihisi mkojo ukinikaribia. Wino nilikuwa nikiuona umejaa kwenye biro zote tatu, na niliogopa kuinua mkono kwa sababu sikujua kama kuomba kalamu ni udanganyifu. Zaidi ya yote nilikuwa nimeshajua sababu. Kalamu zimeombewa, lakini mtu aliyezibeba alikula siku ya kufunga. Mungu alikuwa amengoja siku tisa, amengoja mpaka nimeketi, mpaka mlango umefungwa, ndipo akazifunga.

Basi nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu angelifanya. Niliweka viganja vyangu vyote viwili juu ya karatasi, nikavikandamiza, nikafumba macho na kutubu. Nilitaja muwa wa kwanza na wa pili. Nilitaja na makapi. Niliahidi kufunga mwezi mzima. Nilipofumbua macho nikafungua ukurasa mpya, kwa imani kabisa, nikaushikilia kwa mkono wa kushoto, nikaandika. Maneno matano. La sita likakataa.

Nikauwekea mikono ukurasa huo pia.

Sijui ni dakika ngapi zilipita hivyo. Saa ya ukutani nilikuwa nimeacha kuitazama. Nilichokiona ni kivuli juu ya dawati, na alikuwa yule msimamizi.  Aliinama, akashika pembe ya karatasi yangu, akaiinua kidogo kuelekea dirishani, na hapo mimi mwenyewe nikaona. Mkono wangu ulikuwa umo ndani ya karatasi. Vidole vitano na kiganja, vimeangaza, unaona mistari ya ukurasa wa nyuma kupitia kwenye kiganja changu. Yeye alikuwa ameona mafuta. Mimi niliona hukumu.

"Umepaka nini?" alininong'oneza.

"Mafuta, madam."

"Ya kupikia?"

"Ya maombi, madam."

Nilingoja acheke au amwite askari. Hakufanya hata moja. Alininusa vidole, akavuta pumzi kama mtu aliyechoka, akasema, "Enda unawe. Na sabuni. Nawa mpaka viwiko."

Askari alinisindikiza mpaka bombani, kwa sababu ndiyo sheria. Hebu fikiria kunawa mikono na bunduki imesimama nyuma yako. Palikuwa na sabuni ya maji kwenye chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko. Niliimimina yote. Maji yalikuwa yakiteleza juu ya ngozi yangu bila kushika, na ndipo akili ilipoanza kunirudi, taratibu. Nilikumbuka daftari langu la darasa la tano, nililofungia mandazi siku moja, na jinsi mwalimu alivyonichapa kwa sababu ukurasa mzima wa zoezi ulikataa wino. Jambo hilo nilikuwa ninalijua tangu utotoni. Kila mtoto anajua biro haiandiki penye mafuta. Lakini mtu akiwa na dhambi hatafuti sababu nyingine.

Niliporudi, msimamizi alikuwa ameweka biro yake juu ya dawati langu, ya bei rahisi kama zangu, kitako kimetafunwa. Nilifungua ukurasa safi, nikaandika. Hotuba niliimaliza. Insha ya pili niliifikisha ukurasa wa pili na nusu, kengele ikalia nikiwa katikati ya sentensi.

Mama alikuwa akinisubiri getini.

"Kalamu zimeandika?"

Alikuwa amekonda usoni kwa ule mfungo wake. Midomo ilikuwa bado na mipasuko. Ungemwambia nini mtu huyo?

"Zimeandika, Mama," nilisema.

Nilipita. Si kwa kishindo, lakini Kiswahili kilinibeba, na nikapata nafasi ya chuo. Jumapili iliyofuata matokeo mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alikuwa na biro moja kati ya zile tatu, aliyoiomba kwangu, na aliiinua juu kanisa zima liione. Alieleza jinsi Roho alivyomwongoza asitosheke na kunyunyizia, apake mpaka vidole. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa kwenye benchi la pili, na nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu nilihisi wananitazama.

Nilidhani yameisha hapo. Chuo kilikuwa bado hakijatuita, nikakaa nyumbani karibu mwaka, nikimsaidia mama kupalilia. Mitihani ya wengine ilipokaribia, wanawake wakaanza kuingia uani mwetu, kwanza jirani yetu wa karibu, ambaye binti yake alikuwa mtahiniwa, kisha wengine, kila mmoja na nailoni yake ya biro. Mama aliwaambia wasihangaike kupaka wenyewe. Wawalete wasichana asubuhi ya insha, atawapaka yeye. Akanunua mafuta ya salad, chupa kubwa, akatia lile tone.

Hofu ile ilinirudia nikiwa nimeshika jembe. Na ilikuwa mbaya kuliko ya mwaka uliotangulia, kwa sababu sasa haikuwa karatasi yangu. Binti wa jirani alitaka kuwa muuguzi. Usiku wa kuamkia insha nilimwona akikariri methali akizunguka mti wao wa parachichi. Nilikuwa nimelijua tatizo mwaka mzima na nilikuwa nimelisemea amina.

Nilijaribu. Nilimwambia mama, "Labda mwaka huu uwapake kidogo tu. Tone moja."

"Kidogo?" alishangaa. "Wewe nilikupaka mara mbili na ukapita."

 Asubuhi ya insha, wanawake walipoanza kukusanyika uani na binti zao, nilibeba mtungi wa maji, beseni na kipande cha sabuni ya kufulia, nikatangulia shuleni. Mlinzi wa lango alinijua. Nilimwambia ni mambo ya usafi, na yeye, ambaye tangu wakati wa korona ameona mabeseni ya kila aina yakiletwa langoni, akanisaidia kutafuta jiwe la kuliegemeza.

Walikuja wakiimba. Ndiyo desturi, akina mama wanawasindikiza watahiniwa kwa pambio mpaka langoni. Niliona mikono ya wasichana kutoka mbali, wameitanua isiguse sare, inang'aa jua likiwapiga.

"Kunawa kwanza," niliwaambia. "Na mzifute biro, hasa ncha. Ni sheria mpya."

Hawakubisha. Asubuhi ya mtihani ukiwaambia watahiniwa warukaruke kwa mguu mmoja watafanya. Walinyoosha mikono mmoja baada ya mwingine, nikawamwagia maji, nikawapa sabuni, nikawaambia warudie. Nilikuwa nikifanya haraka nisiinue kichwa. Kisha nikaona viatu vya mama mbele ya beseni.

Maji yalikuwa yamegeuka ya kijivu, na juu yake mafuta yametanda manjano.

"Nani amesema wanawe?" aliuliza.

Ningeweza kumtaja mwalimu mkuu. Jina lake lilikuwa limeshanifika mdomoni.

"Ni mimi," nilisema. "Biro haiandiki penye mafuta, Mama."

"Yako iliandika."

"Haikuandika. Hata mstari wa tano haikuumaliza. Nilipewa nyingine."

Nyuma yake wanawake walikuwa bado wanaimba, wengine wanapiga makofi. Mama hakugeuka. 

"Na ukaniacha nisimame mbele ya kanisa," alisema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nani? Mimi?"

Nikasema ndiyo.

Aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa inang'aa mpaka kwenye kifundo.

"Mimi nilikupaka ndio usiogope," alisema.

Kengele ya kwanza ikalia. Walikuwa wamebaki wasichana watatu, na wa mbele alikuwa binti wa jirani, amenyoosha viganja, hajui amtazame nani. Mama alinipokonya sabuni. Akaushika mkono wa yule msichana, akauingiza majini, akauosha kidole kwa kidole, kisha wa pili, kisha akamwita anayefuata. Hakunitazama tena mpaka lango lilipofungwa.